Miguu Imechoka, Unakimbilia Glukosi?

Glukosi ni nini hasa?
Ni sukari ambayo mwili unaitumia kama ilivyo. Ugali, wali na mihogo huishia kuwa glukosi. Ile ya kopo haihitaji kusagwa tumboni, ndiyo maana inapanda haraka kwenye damu.

Si inasukuma damu kwenye misuli na kuleta nguvu?
Hivyo ndivyo mnavyoambiana dukani. Ukila mlo wa kawaida, kongosho hutoa insulini. Insulini huingiza sukari kwenye misuli, tena huzifanya kuta za mishipa zitoe gesi ya nitriki oksaidi, mishipa midogo inalegea na damu inapita vizuri. Glukosi tupu ya kunywa ina mambo mengine: watafiti wa Australia waliwapa watu wenye afya gramu 50, na damu kwenye mishipa midogo ya misuli ikapungua. Hao ni wazima! Mwenye kisukari cha aina ya pili, mwili wake hauitikii insulini ipasavyo. Mishipa haifunguki vya kutosha, sukari inajaa kwenye damu, misuli inabaki na njaa.

Sasa mbona nachoka kila siku?
Huenda sukari imeshapanda. Unaamka usiku kukojoa, kiu haikatiki, unakonda, nyayo zina ganzi? Pima leo. Asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 mmol/L au zaidi ni kiwango cha kisukari, na kipimo hurudiwa kuthibitisha.

Ninywe kidogo tu nipate nguvu ya kufika zahanati?
Hapana. Kunywa maji, njoo.

Jirani alikunywa akapata nafuu.
Hapana, mama. Hapana, baba. Jirani hakupimwa, na wewe hujapimwa. Wanaotuletea wagonjwa wakiwa wamelegea, wanapumua kwa kasi, mara nyingi wamebeba na kopo lenyewe, limebaki nusu. Wiki nzima walikuwa wanamwongezea sukari mtu anayezidiwa na sukari. Usinywe glukosi kwa ajili ya uchovu kabla hujapima.

Hakuna anayefaa kupewa?
Yupo. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka: mpe glukosi au soda yenye sukari mara moja. Akipoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Nifanye nini misuli ipate damu?
Tembea baada ya kula, hata dakika 15. Msuli unaofanya kazi huvuta damu na sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Ila shavu la mguu likikaza kila ukitembea na kuachia ukisimama, usijikandekande na maji ya moto. Huenda mshipa mkubwa umeziba. Na kidonda cha mguuni kisichouma? Kwa mwenye kisukari hicho si cha kusubiri kipone. Kioneshe siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele.