Povu la kuelea kwenye boti: tunayoambiana ufukweni na ukweli wake

"Boti yenye povu haizami, bosi." Maneno haya nimeyasikia Kunduchi, nimeyasikia Msasani, na mara nyingi anayeyasema yuko mbioni kupakia watu kumi kwenye boti ya watu watano waende kisiwa cha Mbudya.

Povu, yaani kile kitu chepesi kinachojazwa ndani ya boti ili ielee, halizuii maji kuingia. Boti ikipasuka au ikipigwa na wimbi itajaa vilevile. Kazi ya povu inaanza hapo: boti iliyojaa inabaki usoni mwa maji, nanyi mnapata pa kushika. Upepo wa kusi ukichafua bahari, kichwa cha mtu hakionekani kwa mbali, lakini boti iliyojaa maji inaonekana. Jaketi za kuokolea maisha zinahitajika vilevile, kila mtu na yake.

Dhana ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu mafundi wenyewe wanaishi nayo: eti povu lijazwe ngamani, chini kabisa, kwa kuwa huko ndiko kwenye nafasi. Hebu fikiria. Povu likizamishwa linasukuma kwenda juu. Mashine, betri na watu vinalemea kwenda chini. Ukiweka kinachopanda chini na kinacholemea juu, boti iliyojaa maji itapinduka kifudifudi, nanyi mtabaki mnaparamia tumbo lenye ukoga. Povu linatakiwa juu kadiri inavyowezekana: chini ya ukingo, pande zote mbili, na la kutosha tezini, yaani nyuma, karibu na mashine. Marekani, kanuni za walinzi wa pwani zinataka boti ndogo za injini ya kupachika, zilizo chini ya futi 20, zikijaa maji zielee zimelala sawa. Hilo hulipati kwa povu la ngamani. Isitoshe, wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji yote yanaishia huko, na ukiziba njia yake hata pampu haitayafikia.

"Povu ni povu tu." Sivyo. Mwaka juzi nilisaidia kufungua kiti cha nyuma cha boti ya faiba iliyokuwa nzito kuliko kawaida. Ndani tulikuta vipande vya sponji la godoro. Nilikibonyeza kimoja kikatoa maji kama nazi inavyokamuliwa tui. Mwenye boti alikuwa amebeba ndoo kadhaa za maji msimu mzima, tena akijiona yuko salama.

Lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni linaelea vizuri, ila petroli ni adui yake. Tumbukiza kipande kwenye kikombe cha petroli uone kinavyonywea na kugeuka gundi. Hata rezini ya kawaida ya faiba, ile ya poliesta, inalila: fundi anapaka juu, ndani kunabaki pango. Na lile la kopo la kuzibia fremu za madirisha halikauki vizuri likiwekwa nene.

Linalofaa ni poliyurethani ya vijishimo vilivyofungwa, ile ya maji mawili yanayochanganywa yakafura. Changanya kidogo kidogo, kwenye hewa, ukiwa umevaa barakoa ya kemikali na glavu. Ukimwaga nyingi kwa mkupuo inapata moto na inaweza kusukuma faiba ikapinda. Nayo si ya milele. Ikikaa ndani ya maji miaka mingi hunywa. Ukitaka kuipima, funga kipande kwenye jiwe, kizamishe kwenye ndoo ya maji kwa wiki nzima, ukipime uzito kabla na baada kwenye mzani wa jikoni.

"Kidogo kinatosha." Tupige hesabu ya boti ya futi 16. Faiba ya kilo 300 ikizama inabaki na uzito wa kilo 100 hivi, mashine labda 60, betri 15. Watu watano walioketi maji yakiwa kiunoni, tuseme 40 kila mmoja, ni 200. Jumla 375. Lita moja ya povu inabeba karibu kilo moja, kwa hiyo unahitaji lita 400 ukitaka akiba kidogo. Hayo ni madumu 20 ya lita 20! Povu lenyewe lina uzito wa kilo 13 tu. Kinachosumbua ni nafasi. Madumu matupu yaliyofungwa barabara nayo yanafaa, mradi yafungwe imara yasichomoke, na vifuniko vikaguliwe.

Na wenye boti za mbao wanaosema hayawahusu: mbao inaelea, mashine haielei.

Tulipomaliza kuitia povu ile boti ya sponji tuliipeleka kwenye maji ya kiunoni, mashine tukaiondoa, tukafunga mifuko ya mchanga mahali pake na kwenye viti, tukaijaza maji kwa ndoo. Omo, yaani mbele, ilibaki juu, tezi ikazama mpaka mchangani. Mwenye boti akanitazama. "Sasa fundi?" Tukaivuta nchi kavu, tukakata vipande viwili vya povu la mbele tukavihamishia nyuma, kisha tukasubiri maji yajae tena.