Usiweke kodi za kinanda: mvumo wa sinthesaiza chini ya wimbo wa maombolezo

Nafundisha kwaya na nachanganya sauti, na watu wanaotaka kuweka kinanda chini ya wimbo wa msiba huniuliza swali lilelile: tupige kodi gani, yaani noti zipi kwa pamoja? Siku hizi nawaambia wakawasikilize kwanza Waukraine wawili, Oleh Shpudeiko wa Kyiv, anayejulikana zaidi kwa jina la Heinali, na mwimbaji Andriana-Yaroslava Saienko. Albamu yao ya mwaka 2025 imejengwa juu ya nyimbo za ibada za Hildegard wa Bingen, sista wa Kijerumani aliyezaliwa 1098 na kufariki 1179. Mwanamke anaimba, sinthesaiza, chombo cha umeme kinachotengeneza sauti, inavuma chini yake, na vita vya nchi yao havitajwi kwa jina.

Heinali hakuanza kazi hii kwa sababu ya vita. Tayari mwaka 2020 alikuwa ametoa albamu inayopitisha muziki wa kale wa Ulaya kwenye sinthesaiza ya moduli, ile mitambo inayounganishwa kwa nyaya nyingi, ambayo hata kinanda huenda isiwe nacho. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine kwa nguvu zote tarehe 24 Februari 2022. Mwaka huohuo alipiga muziki wake akiwa kwenye handaki la kujikinga na mabomu mjini Lviv, na watu wakamfuatilia kwenye intaneti. Muziki uleule uliokuwa wa kutafakari ukawa wa kuomboleza.

Kwa nini Hildegard? Soma maneno ya wimbo wake kwa Roho Mtakatifu, O ignis Spiritus. Ndani yake anamsifu Mungu kwamba ni mtakatifu akiwapaka mafuta waliovunjika vibaya, ni mtakatifu akiyapangusa majeraha yanayonuka. Majeraha yanayonuka, ndani ya wimbo wa sifa! Aliyeyaandika hakuwa anaona haya kuutazama mwili ulioumia. Mtu aliyetoka kumtambua ndugu yake mochwari anaweza kuyaimba maneno hayo bila kujisikia anadanganywa.

Kuna jambo jingine, nalo hunigusa zaidi. Mwaka 1178 wakuu wa Kanisa wa Mainz, mji wa Ujerumani, waliipiga marufuku nyumba ya watawa ya Hildegard kuimba, kwa sababu masista walikuwa wamemzika uwanjani kwao mtu aliyewahi kutengwa na Kanisa. Waliamriwa wamfukue. Hildegard alisema mtu yule alikwisha kupatanishwa na Kanisa kabla hajafa, akakataa. Masista wakabaki kusoma sala kwa sauti ya chini, bila wimbo. Hapo bibi huyo wa miaka themanini akawaandikia wakuu wale kwamba wimbo ni mabaki ya sauti aliyokuwa nayo Adamu kabla ya anguko, na kwamba anayeunyamazisha bila haki hatakuwa na fungu na malaika wanaosifu mbinguni. Marufuku ikaondolewa 1179, miezi michache kabla ya kifo chake. Yaani nyimbo hizi zimetoka kwa mtu aliyegombania haki ya marehemu kulala alipozikwa.

Sasa turudi kwenye mitambo. Nyimbo za Hildegard ni mstari mmoja wa sauti, hazina sauti ya pili wala besi. Ukizipangia kodi za meja na maina, zile za furaha na za huzuni, umeshamwambia msikilizaji hapa alie, hapa afarijike. Mfiwa hahitaji kuongozwa hivyo. Mvumo wa sauti moja au mbili zisizobadilika haraka hufanya kazi ya wale wanaokaa na mfiwa mkekani bila kusema kitu. Waorthodoksi wa Kigiriki wanalijua hili siku nyingi: waimbaji wengine hushika noti moja chini, wimbo ukipanda na kushuka juu yake. Sinthesaiza imeongeza kitu kimoja tu, kwamba yenyewe haihitaji kupumua.

Siri kubwa iko kwenye kutuni. Ukiweka do kwenye 220 Hz, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, so iliyo safi kabisa itakaa 330. Kinanda cha kawaida kitakupa 329.6 hivi. Tofauti ni ndogo mno, lakini ukizishika noti hizo mbili kwa dakika nzima utasikia sauti inavimba na kupungua polepole, karibu mara tatu kila sekunde nne. Kwenye sinthesaiza ya moduli unaweza kuitoa tikisiko hiyo ikatulia kabisa, au kuiacha kidogo ili mvumo uwe na uhai. Halafu filta, kichujio cha sauti, inafunguliwa taratibu, sauti ikapata mwanga bila noti kubadilika.

Saienko huimba kwa koo lililo wazi, sauti ya kifuani, kama wanavyoimba nyimbo za asili wanawake wa vijijini Ukraine. Si sauti laini ya kwaya ya kanisa kuu. Sauti ya namna hiyo ina ukali wake, na ndiyo maana mvumo ulio chini yake haupaswi kung'ara.

Nisichokikubali ni kuchanganya humo ving'ora na milipuko iliyorekodiwa. Aliyekimbia mabomu akisikia sauti hizo, mwili wake unashtuka kabla hajajua ni muziki, na hapo maombolezo yamekwisha.

Kwaya zetu zilizokimbia Kivu, na nyingine zilizobaki Goma baada ya waasi wa M23 kuuteka mji Januari 2025, hazina haja ya mitambo ya gharama. Kinanda chochote cha kanisani kinatosha. Zima ngoma zake. Chagua sauti ya ogani iliyo nzito, shika do na so, mi usiiguse kabisa. Shusha sauti mpaka pumzi ya mwimbaji isikike. Umeme ukikatika, wape besi wanne noti ya do, wapokezane kupumua, na mwimbaji aendelee.