Malaria imeisha ila damu bado iko chini, panya wanajua kwanini

Kuna swali tunaulizwa sana hapa maabara. Mtu anakuja na cheti mkononi anasema dokta dawa nimemaliza, kipimo kinaonyesha vimelea hakuna, sasa mbona damu haipandi? Sababu ziko kadhaa, ila leo naongelea moja tu ambayo wengi hawaijui, na walioifichua ni panya.

Kwanza ujue hivi, hata ukiwa mzima kabisa mwilini mwako kuna seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, yaani silaha za kumshika adui) ambazo zikipewa nafasi zitatengeneza kingamwili za kukushambulia mwenyewe. Hazikuondolewa zote, zimekaa kimya tu, maana seli B mara nyingi haifiki mbali bila kusukumwa na seli T, wenzake kwenye kinga, na seli T korofi nyingi zilishachujwa mapema.

Mwaka 1973 kule London, mtafiti Playfair na mwenzake Marshall-Clarke wakachukua vipanya wazima wakawa wanawachoma chembe nyekundu za panya wakubwa (siyo buku wale wa Morogoro wanaonusa mabomu, hawa ni wa maabara). Chembe zile zina sehemu ngeni na sehemu zinazofanana na za kipanya, basi seli T zikaona ugeni zikawaka, na seli B zilizoshika ile sehemu inayofanana zikapata msaada humohumo. Ni kama mwizi kaingia mtaani na jezi ya timu yenu, watu wakishapandisha hasira kila mwenye jezi anakula kipigo. Baada ya sindano kadhaa vipanya wakawa na kingamwili zinazong'ang'ania chembe zao wenyewe.

Hilo unaliona kwa macho ukifanya kipimo cha Coombs. Unaosha chembe za damu, unaweka dawa inayokamata kingamwili, unazungusha mrija kwenye mashine halafu unautikisa taratibu sana. Damu ya kawaida inainuka kama moshi inatawanyika. Hii nyingine inabanduka kwa mabonge, kama uji wa mtu asiyekoroga, na ukitikisa kwa pupa mabonge yanavunjika unaandika hamna kitu wakati kipo, wanafunzi wetu hapo ndo wanapokosea kila siku.

Sasa malaria. Vimelea vya malaria ya panya vinavyotumika maabara dunia nzima asili yake ni Afrika, Plasmodium berghei ilipatikana Katanga mwaka 1948 kwenye panya wa porini. Kwa kutumia ndugu yake, Plasmodium yoelii, watafiti wa New York walionyesha mwaka 2016 kwamba panya akiumwa anatengeneza kingamwili dhidi ya fosfatidilserini, haya ni mafuta ambayo kwenye chembe nzima yanakaa upande wa ndani. Wakati wa malaria hata chembe zisizo na kimelea zinayatoa nje, kingamwili zinashika, seli walaji zinameza, damu inashuka. Na kinachowasha seli B hizo ni pamoja na DNA ya kimelea yenyewe, inagusa kipokezi cha ndani kinachoitwa TLR9, yaani kinga inafanya kazi yake sawasawa kabisa ila moto unaruka hadi kwa jirani.

Halafu kuna kituko. Daktari Brian Greenwood akiwa Ibadan, Nigeria, aliona wagonjwa wa aina hii, ambao mwili unajishambulia wenyewe, ni wachache mno, akahisi malaria inahusika. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakawaambukiza malaria panya wa aina ya NZB, hawa wamezaliwa na ugonjwa huo hata usipowachoma kitu, na ugonjwa ukapungua. Malaria hiyohiyo! Na ukikutwa na kingamwili hizi haina maana tayari una lupasi (ugonjwa mmojawapo wa mwili kujishambulia), wapo wazima wanazo.

Ila kama umemaliza dawa na damu inazidi kushuka, mkojo mweusi kama koka au macho ya njano, usikae nyumbani unakunywa rozela, rudi hospitali siku hiyohiyo wakupime wingi wa damu na Coombs.