Majira, Malisho na Sufu Inayokatika

Sufu huota mwaka mzima, ila si kwa kasi moja. Kwa kondoo wa sufu ndefu kama Romney, urefu wa mchana una nguvu kubwa: siku zikifupika, melatonini (homoni ya giza) hutolewa kwa saa nyingi zaidi, prolaktini, homoni nyingine, hushuka, na sufu huota polepole hata hori likiwa limejaa. Merino hajali sana mwanga. Sufu yake hufuata malisho. Soay wa Uskoti amezidi wote kwa kufuata majira, maana sufu yake hupukutika yenyewe baada ya majira ya baridi.

Malisho yakikauka, unyuzi hauishii kuwa mfupi tu, hupungua na unene. Ulioanza na mikroni 21 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) unaweza kushuka hadi 18, kisha ukanenepa tena majani yakirudi. Paliposinyaa ndipo unapokatikia mashineni. Majike wenye mimba au wanaonyonyesha huumia zaidi, kwa kuwa protini yenye salfa inayojenga sufu huenda kwanza kwa mwanakondoo.

Kupima ni rahisi. Kata kishungi cha sufu chembamba kama penseli ubavuni, shika ncha zote mbili, kikaze, kisha kipige kwa kidole karibu na sikio. Kikilia kwa mlio mkali, ni imara. Ukisikia mchaniko, tazama kimeachia wapi. Kishungi cha milimita 80 kikikatikia katikati hutoa vipande viwili vifupi, na bei huanguka. Kikikatikia karibu na ncha, hasara ni ndogo.

Kwa hiyo tarehe ya kunyoa ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukinyoa karibu na kipindi ambacho sufu husinyaa, udhaifu huangukia mwishoni mwa kishungi. Tatizo ni kwamba kipindi hicho mara nyingi ni cha baridi, na mvua yenye upepo inaweza kuua kondoo walionyolewa karibuni, hasa katika wiki 2 za mwanzo. Andaa kwanza banda au kizuizi cha upepo, ongeza chakula, na tumia kitana cha mashine kinachobakiza sufu kidogo mwilini.

Mvua za mfululizo zina balaa lake: sufu ikikaa mbichi siku kadhaa, bakteria huipaka njano au kijani, ngozi huvimba, na inzi hutaga humo. Ili kukagua, tenganisha manyoya hadi kwenye ngozi, mgongoni na mabegani. Kondoo aliyelowa asinyolewe. Sufu mbichi ikifungwa robota hupata joto na kuoza.