Mwacheni mbunge aikosoe vita

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, redio ikitaja tu nchi iliyo vitani na wabunge wake wanaopinga, hakosi mtu wa kusema: "Hao ndio wanaowavunja moyo askari wao." Nimechoka kujibu kwa mdomo. Leo naandika, atakayerudia nitamtumia hii.

Tuanze na vita iliyopiganwa hapahapa Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishusha Raskazone askari wapatao 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000. Waliokuja wengi walirudi melini mbio, wakaacha bunduki 455 na risasi kama 600,000. Nani aliwakosoa huko kwao kwa vita hii ya Tanga? Hakuna. Habari zenyewe za kushindwa zilifichwa Uingereza kwa miezi. Kilichowamaliza ni wiki kadhaa za kubanana na kutapika melini bila kupumzishwa Mombasa, vikosi visivyowahi kufanya mazoezi pamoja, na bombomu (bunduki za rashasha) ambazo wengi hawakuwahi kuzikabili. Na wale nyuki wanaosimuliwa kuvuruga vita hiyo? Waliuma pande zote mbili, wala hawakuwa wapinzani wa serikali.

Tena angalieni hili. Tarehe 4 mwezi huo, vikosi vya Waingereza vya North Lancashire na Kashmir Rifles viliingia mjini vikipigana, huku kikosi chao kingine, Palamcottah, kikitimua mbio. Serikali ni ileile, na habari za nyumbani ni zilezile.

Kinachoniudhi hasa ni watu kuchanganya ari na maoni. Askari anaweza kuiona vita ni ya kijinga na bado akashika zamu yake usiku kucha, kwa sababu aliyelala shimo la pili ni mwenzake. Mwingine ataimba nyimbo zote za uzalendo na atoroke chakula kikichelewa siku tatu. Kwa hiyo ukitaka kupima ari, usimuulize anaionaje vita. Fungua daftari la wagonjwa: wanaoumwa tumbo wanaongezeka usiku wa kuamkia doria? Hesabu waliochelewa kurudi likizo. Tazama majeraha ya risasi za mkononi na mguuni "zilizofyatuka zenyewe". Uliza kama vidonge vya malaria vinamezwa au vinatupwa, maana kuna anayeona homa ni afadhali kuliko mstari wa mbele. Halafu muulize karani posho imefika lini. Barua ya mke kwamba karo haijalipwa inaumiza kuliko hotuba kumi za bungeni.

Wafaransa walilipata somo hili 1917, katika Vita Kuu ileile ya Kwanza ya Dunia. Baada ya mashambulizi ya jenerali wao Nivelle dhidi ya Wajerumani kugonga mwamba mwezi Aprili, vikosi vingi viligoma kwenda kushambulia. Majenerali wakalaumu vipeperushi na wapinga vita wa Paris. Jenerali Pétain alipokabidhiwa jeshi aliwapiga risasi baadhi, ni kweli, lakini pia alisimamisha mashambulizi makubwa ya kupoteza watu bure, akaboresha chakula na kuhakikisha likizo ya siku 7 kila miezi 4. Oktoba jeshi lilelile lilishambulia Wajerumani huko La Malmaison na kushinda. Wapinga vita wa Paris hawakuwa wamehama.

Idi Amin simchambui sana. Uganda yake wachache mno walithubutu kukosoa, na Kampala ilianguka Aprili 1979.

Dharau ni jambo jingine. Kumwambia waziri vita yako ni kosa ni ukosoaji; kumtemea mate majeruhi anayeshuka garini ni unyama, na unaumiza kweli. Wanaotaka wabunge wanyamaze hupenda kuyafunga mawili haya mzigo mmoja.

Panaponisumbua ni Vietnam. Kuanzia 1969 Marekani ilikuwa inaondoa askari wake huku nidhamu ya waliobaki ikishuka. Ni ukosoaji wa nyumbani, ni kujua kwamba wanaondoka na hakuna anayetaka kufa wa mwisho, au ni ule utaratibu wa kila mtu kutumikia miezi 12 yake na kuondoka peke yake, platuni ikabaki ya wageni? Mimi naegemea huo utaratibu, ila siwezi kuyatenganisha matatu haya kwa uhakika, na anayesema anaweza namtilia shaka.

Na adui je, hapati moyo akisikia wenzetu wanagombana? Inawezekana kabisa. Lakini hiyo ni ari ya adui. Anayetaka kuibishania aje na hoja zake, asimtumie askari wake kama kisingizio.