Je, wajua? Kufikiri kikompyuta kunaweza kuanzia kwa papa, bila kompyuta

Mimi ndo nilikuwa wa kwanza kubisha. Kwenye kikao cha wazazi hapa Bagamoyo mwalimu wa bayolojia kasema anataka watoto wafikiri kikompyuta, nikanyoosha mkono nikauliza kompyuta zenyewe ziko wapi, watu wakacheka, nikakaa najiona mshindi. Kumbe sikuwa naelewa kitu. Nilidhani ni kuandika programu za kompyuta, mashine huna basi umekwama. Wapi! Jeannette Wing, mwanasayansi wa Marekani aliyeitangaza hoja hii mwaka 2006, alisisitiza ni fikra ya binadamu, siyo ya mashine: unavunja tatizo vipande, unapanga hatua, hatua ikigoma unarudi kutafuta ilipokosewa. New Zealand wanafundisha hivyo kwa kadi na kamba tangu miaka ya 1990.

Sa mwalimu yule akaandika majina 16 ya soko la samaki, changu, nguru, kolekole, papa, taa, pweza, kamba na wenzao. Mmoja anachagua kimoyomoyo, wengine wanauliza maswali ya ndiyo au hapana. Ukiuliza "ni pweza?" ukakosa, bado 15. Ni kama kumsaka mdeni wako kwa kugonga mlango mmoja mmoja mtaa mzima, wakati ungeuliza kwanza anakaa upande wa baharini au wa barabarani, nusu ya nyumba ungeshaziacha. Swali zuri linakata nusu: 16, 8, 4, 2, 1, yaani maswali manne tu. Majina 1,000? Kumi yanatosha, na mpaka leo hiyo hesabu inanishangaza.

Kundi la binti yangu waliuliza "ana mifupa?", aliyemficha papa akajibu ndiyo, mchezo ukagota. Wakarudi nyuma swali kwa swali kwenye karatasi walikoyaandika mpaka wakagundua papa hana mfupa, ana gegedu kama la sikio lako. Hapo hakuna aliyeaibika, maana kosa liko kwenye karatasi, halipo usoni kwa mtu. Deci na Ryan, wanasaikolojia wa hamasa, wanasema mtu hujituma akihisi anaamua mwenyewe, anaweza, na yuko na wenzake, na hapa vyote vitatu vipo. Ila tusidanganyane, kitu kipya huchangamsha kwa upya wake tu, wiki ya nne ndo kipimo.

Juzi binti yangu kaniuliza pomboo akae kundi gani. Nikamjibu haraka, samaki. Akanicheka.