Herufi kwenye mota ya roketi ina maana gani?

Mrushaji wa roketi za burudani zenye nguvu kubwa akikwambia "leo narusha J", hasemi roketi yake ina ukubwa gani wala itapanda umbali gani. Anataja msukumo wa jumla wa mota, yaani wastani wa msukumo ukizidishwa kwa muda ambao mota inawaka. Kipimo chake ni nyutoni-sekunde.

Kikomo cha kila herufi ni mara mbili ya kile cha herufi iliyotangulia. A inaishia 2.5, B 5, C 10. Ngazi hizi huonekana fupi mpaka upige hesabu: M inaishia 10,240, sawa na A 4,096 zilizojaa. Ndiyo maana Marekani, ambako mchezo huu umeshamiri, kwa kawaida mtu mzima hununua hadi G bila cheti, lakini kuanzia H, inayoanzia 160, sharti athibitishwe na Tripoli au NAR, vyama vya warushaji wa roketi za burudani. Daraja la kwanza ni H na I. La pili, lenye mtihani wa maandishi, ni J hadi L. La tatu ni M na kuendelea, na huko usanifu wa roketi hukaguliwa kabla. Katika kila daraja unarusha roketi uliyoiunda mwenyewe, nayo irudi chini bila kuharibika. Kwangu mimi huo ndio mtihani hasa: mota inauzwa dukani, lakini parachuti kufunguka kwa wakati ni juu yako.

Wengi hudhani herufi ndiyo nguvu. Chukua J mbili zenye nyutoni-sekunde 1,000 kila moja. Moja inasukuma kwa nyutoni 1,000 na kwisha baada ya sekunde moja. Nyingine inasukuma kwa 200 kwa sekunde tano. Roketi ya kilo 10 ina uzito wa karibu nyutoni 98, na kanuni ya uwanjani inataka msukumo usiopungua mara tano ya uzito. J ya kwanza inaibeba bila shida. Ya pili itaitoa kwenye reli ya kurushia polepole mno, mapezi hayatapata hewa ya kutosha kuinyoosha, na upepo utailaza. Msimamizi wa usalama ataikataa. Ukiweka J hiyo ya pili kwenye roketi nyembamba ya kilo tatu, inafaa sana, tena huenda ikaipandisha juu zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa mwendo usio wa kasi mno haupotezi nguvu nyingi kwa kupambana na hewa.

Kwa hiyo soma lebo yote. Kwenye H128W-14, 128 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, W ni aina ya fueli, na 14 ni sekunde zinazopita tangu mota izime hadi baruti kidogo iisukume parachuti nje. Roketi nyingi kubwa huiachia altimita, yaani kifaa cha kupima kimo, kazi hiyo: parachuti ndogo kileleni, kubwa karibu na ardhi, ili upepo usiipeleke mbali.